Jinsi ya kutunza madirisha ya nyumba ya Pwani yadumu miaka mingi

Madirisha ya Pwani huuawa na vitu viwili: chumvi inayoachwa juu yake, na maji yasiyopata pa kutokea. Jua humalizia. Ukiiosha chumvi kabla haijala fremu, na ukahakikisha kila tone linaloingia lina njia ya kutoka, dirisha lolote, liwe la alumini, la chuma au la mbao, litakufaa kwa miaka mingi sana. Mwongozo huu ni wa nyumba za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja na miji mingine ya mwambao. Aliyeko Dodoma hasumbuliwi na chumvi, lakini vumbi lake linaziba reli vilevile, kwa hiyo sehemu kubwa inamhusu naye.

Kazi nyingi hapa unaziweza mwenyewe kwa ndoo, mswaki wa zamani, bisibisi, msasa na brashi. Panapohitaji fundi nimesema.

Hatua ya 1: Zunguka nyumba, kagua, andika

Anza nje, upande unaopigwa na upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia kama Aprili hadi Septemba. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa mwambao wetu pepo zote mbili zinatoka baharini, ndiyo maana nyumba moja inaweza kuwa na madirisha mazima upande wa magharibi na yaliyoliwa upande wa mashariki.

Kwenye alumini tafuta madoa meupe yenye unga. Kwenye chuma tafuta rangi iliyovimba, hata kama haijapasuka, maana chini yake kutu imeshaanza. Angalia pati inayoshika kioo kama imekauka na kuachia. Angalia ukuta kwenye pembe za dirisha: ufa wa mshazari unaoanzia pembeni ni njia ya maji, na ukizidi kupanuka mwite fundi ujenzi aitazame linta (boriti iliyo juu ya dirisha) kabla hujagusa dirisha lenyewe.

Kisha ingia ndani ufungue na kufunga kila dirisha, hasa yale ambayo hakuna anayeyafungua. Dirisha lililofungwa mwaka mzima huganda. Sikiliza kama linasaga. Kwenye mbao, bonyeza kwa ncha ya bisibisi sehemu ya chini ya fremu; ncha ikizama kirahisi, mbao imeoza au imeliwa kwa ndani.

Giza likiingia, mtu mmoja abaki ndani na tochi akiipitisha kandokando ya fremu, mwingine asimame nje. Panapopenya mwanga patapenya mbu na maji ya mvua ya upepo. Andika yote kwenye daftari, dirisha kwa dirisha. Usipoandika utatengeneza lile la sebuleni linaloonekana na wageni, na la stoo litaendelea kuoza.

Hatua ya 2: Osha fremu, si kioo peke yake

Watu wengi hufuta kioo kikang'aa na kuiacha fremu, wakati fremu ndiyo inayoliwa. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Hewa yenyewe huivisha utando mwembamba mgumu unaoilinda. Chumvi ya bahari huutoboa utando huo katika vitundu vidogo vidogo, na ule unga mweupe ndio dalili yake.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba madirisha yaliyo chini ya baraza au paa refu huharibika mapema kuliko yanayolowa. Mvua huosha chumvi bure. Palipofunikwa, chumvi hutua kila siku na hakuna kinachoiondoa. Madirisha hayo ndiyo yanayohitaji mkono wako zaidi.

Mwagia maji kwanza, usianze kwa kusugua, kwa sababu mchanga mkavu ukisuguliwa huchana rangi na kioo. Kisha tumia sponji laini na maji yenye sabuni ya kawaida ya vyombo, pita kila kona, na suuza mpaka povu liishe. Steelwool usiiguse alumini: nyuzi zake hubaki zimenasa na kushika kutu, utaona vidoa vya kahawia baada ya wiki chache. Jiki na dawa kali za kusafishia choo nazo ziweke mbali.

Kuna suala la maji yenyewe. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na ukioshea hayo unarudisha ulichokiondoa. Kama maji yako yana ladha ya chumvi, tumia ya mvua au ya bomba angalau kwa kusuuzia mara ya mwisho, kisha futa kwa kitambaa kikavu.

Vioo usioshe jua likiwa kali, maji yatakauka kabla hujafuta na kuacha michirizi. Madoa meupe ya maji magumu yanatoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikipakwa kwenye kioo tu na kusuuzwa haraka. Siki isikae kwenye alumini.

Nyumba iliyo mita chache kutoka ufukweni ioshwe fremu kila baada ya miezi 3. Iliyo ndani kidogo, mara 2 kwa mwaka inatosha.

Tahadhari moja kwa wanaojenga au kukarabati: saruji mbichi hula alumini na huacha alama kwenye kioo ambazo hazitoki tena. Mafundi wa plasta wakianza, funika madirisha kwa nailoni, na tone lolote lioshwe kabla halijakauka.

Hatua ya 3: Fungua njia za maji kwenye reli

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo madirisha ya kuteleza yanapoharibiwa na wenye nyumba wenyewe.

Reli ya chini ya dirisha la kuteleza imetengenezwa ikijua kwamba maji yataingia. Mvua ya upepo ikipiga, maji hutiririka kwenye kioo, hupita kwenye brashi za pembeni zinazoziba upenyo na kujaa kwenye reli. Kutoka hapo yanapaswa kutoka nje kupitia matundu madogo yaliyo upande wa nje wa fremu, chini kabisa. Matundu hayo yakiwa wazi, ndani hutaona kitu. Yakiziba, maji hupanda mpaka yapite ukingo wa ndani, yatiririke ukutani, yaingie kwenye plasta na hatimaye kwenye godoro lililo chini ya dirisha. Mwenye nyumba humwita fundi, fundi anapaka silikoni kila upenyo anaouona, yakiwemo matundu yenyewe, na mvua inayofuata hali inakuwa mbaya zaidi.

Fanya hivi. Ondoa mchanga wa reli kwa brashi kavu au mashine ya kufyonza vumbi kama unayo, kwa sababu ukimwaga maji kwanza utatengeneza tope. Vumbi likiisha, sugua kwa mswaki na maji ya sabuni. Kisha tafuta matundu upande wa nje. Mengine yamefunikwa na kifuniko kidogo cha plastiki, kibandue taratibu. Pitisha waya mwembamba mpaka usikie umetokeza. Ukikuta silikoni au plasta imeziba, itoe kwa kisu kikali.

Sasa mwaga kikombe cha maji kwenye reli na tazama nje. Maji yanapaswa kuanza kutoka mara moja. Yakikaa, bado kuna kizuizi, au fundi hakutoboa kabisa, jambo ambalo si la ajabu hata kidogo kwenye nyumba mpya. Hapo mwite atoboe matundu mawili, karibu na kila mwisho wa reli, kwa keekee ya milimita 5 au 6. Simama naye, hakikisha anatoboa ukingo wa nje wa reli na si sakafu ya reli kuelekea chini. Akitoboa chini, maji yataingia ndani ya ukuta na hutajua yanakwenda wapi.

Angalia pia marumaru au plasta ya kizingiti cha nje. Kizingiti kinatakiwa kiinamie nje, na kiwe chini ya matundu. Nimeona nyumba nzuri sana ambazo marumaru ziliwekwa juu mno zikafunika matundu yote. Hapo dawa ni kukata ukingo wa marumaru, hakuna namna nyingine.

Wakati wa dhoruba ukiona maji kidogo kwenye reli usihangaike. Upepo huyazuia kutoka kwa muda, ukitulia yatashuka. Tatizo ni yanapopanda na kuingia ndani.

Hatua ya 4: Roli, brashi na raba

Dirisha likianza kusukumwa kwa bega, usilipake grisi wala mafuta ya kupikia. Mafuta hushika mchanga, na mchanga uliolowa mafuta husaga roli (vigurudumu vilivyo chini ya kipande kinachoteleza) na reli kwa pamoja. Safisha reli kwanza. Mara nyingi hilo tu linatosha. Likibaki zito, nyunyiza kidogo silikoni ya kopo (ya kulainishia, si ile ya kuzibia) kwenye roli na sehemu zinazosuguana, kisha futa inayobaki.

Likiegemea upande mmoja, au loki haikutani na tundu lake, roli zimeshuka. Kwenye madirisha mengi kuna skrubu ndogo ubavuni chini ya kila kipande kinachoteleza. Ukiizungusha, roli hupanda au kushuka. Rekebisha pande zote mbili kidogo kidogo mpaka kipande kisimame sawa na fremu.

Roli iliyovunjika haina marekebisho, ni kubadilisha. Kipande kitolewe na watu wawili, na hili silisemi kwa kujaza maneno. Kioo chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo kioo cha milimita 5 chenye mita moja na nusu za mraba kinakaribia kilo 19 kabla hujahesabu alumini. Kama uko ghorofani, mmoja asimame imara ndani, na hakuna mtu wala mtoto chini ya dirisha. Legeza kizuizi cha juu kama kipo, inua kipande kizame kwenye reli ya juu, kisha vuta sehemu ya chini kuja kwako. Vaa glavu nene.

Nenda dukani na roli ya zamani mkononi kama sampuli, kwa sababu zinafanana kwa macho na kutofautiana kwa milimita. Pwani chagua ya nailoni yenye ekseli isiyoshika kutu. Badilisha zote mbili za kipande hicho.

Skrubu nazo. Skrubu ya chuma cha kawaida ikikutana na alumini kwenye hewa ya chumvi, zote mbili huumia: skrubu inashika kutu na alumini iliyoizunguka inageuka unga. Tumia za stenlesi. Njia rahisi ya kupima dukani ni sumaku ndogo. Nyingi za stenlesi nzuri hazivutwi, au huvutwa kidogo sana.

Brashi za pembeni zikilala na kuwa ngumu, na raba zikipasuka kwa jua, nunua mpya kwa mita na uzisukume kwenye mfereji wake. Raba usiisafishe kwa petroli wala mafuta ya taa, huivimbisha na kuiharibu.

Hatua ya 5: Madirisha ya chuma

Nyumba nyingi za zamani za mjini zina madirisha ya chuma yenye vioo vilivyoshikwa kwa pati. Nayaheshimu madirisha haya. Kila kitu chake kinaweza kutengenezwa, ndiyo maana huumia moyo kuona yanang'olewa kwa sababu tu ya kutu ambayo msasa ungeimaliza.

Rangi juu ya kutu haisaidii, kutu huendelea chini yake. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka uone chuma kinachong'aa. Rangi ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo lowesha unaposugua ili vumbi lisipae, vaa barakoa, waondoe watoto, na kusanya mabaki yote. Kisha osha chuma kwa maji yasiyo na chumvi na ukikaushe vizuri. Hatua hii mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayofanya rangi ivimbe baada ya miezi: chumvi iliyobaki chini ya rangi huvuta unyevu. Paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, maana chuma kilicho wazi Pwani huanza kupiga wekundu usiku mmoja. Ikikauka kama kopo linavyoelekeza, paka rangi ya mafuta mikono miwili, yaani tabaka mbili.

Pati iliyopasuka itoe kwa tindo taratibu, uanze na iliyolegea. Chini yake safisha na upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuweka mpya. Dukani ulizia pati ya madirisha ya chuma; ile ya mbao hutegemea mbao inyonye mafuta yake, na kwenye chuma hukawia mno kukauka. Ikishajenga ngozi, baada ya wiki 1 au 2, ipake rangi, na rangi ivuke kidogo mpaka kwenye kioo, kama milimita 2. Mstari huo mwembamba ndio unaozuia maji yasizame kati ya pati na kioo, kwa hiyo usiukwangue kwa wembe ili upate ukingo nadhifu.

Bawaba zitie tone la mafuta ya mashine mara 2 kwa mwaka, ufungue na kufunga mara kadhaa yaingie.

Hatua ya 6: Madirisha ya mbao

Mninga, mvule, mkongo na msaji ni mbao zinazovumilia, lakini hakuna mbao inayovumilia kulowa isikauke. Maji huingia zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko kwenye ubapa. Sasa shika kioo kidogo cha kujitazamia, kiweke chini ya dirisha lako la mbao na uangalie ukingo wa chini kabisa. Mara nyingi haujawahi kupakwa chochote tangu litoke kwa seremala. Paka hapo rangi au vanishi mikono mitatu. Ni kazi ya dakika chache na inaongeza miaka.

Vanishi iwe ya nje. Ya ndani hubanduka vipande vipande kwa jua. Usisubiri ibanduke yote: ikianza kupoteza mng'ao, piga msasa laini na uongeze mkono mmoja. Ukiacha mpaka mbao igeuke kijivu, utalazimika kukwangua yote.

Njia za udongo za mchwa zikitoka ukutani kuelekea kwenye fremu ni jambo la kushughulikia siku hiyo. Kuzivunja hakutoshi, mchwa watarudi kwa njia nyingine. Mwite mtu wa dawa ashughulikie chanzo. Ukiona vitundu vidogo na unga laini chini yake, hao ni wadudu wanaotoboa mbao. Tia dawa ndani ya vitundu, kisha vizibe ili baadaye ujue kama vipya vimetoboka.

Hatua ya 7: Wavu wa mbu na grili

Mbu anayeambukiza malaria huuma zaidi usiku, kwa hiyo wavu wa dirisha ni kinga ya familia kabla haujawa kitu kingine. Vumbi likijaa, hewa haipiti na watu hushawishika kuutoa. Uoshe kwa brashi laini ukiwa umelazwa chini, usiusukume ukiwa umesimama, utalegea. Kitundu kidogo kinashonwa kwa uzi wa nailoni. Wavu wa chuma cha kawaida karibu na bahari huoza haraka. Wa faibagilasi haushiki kutu, ingawa paka na watoto huuchana. Raba inayoushikilia kwenye fremu ikikakamaa, badilisha raba na wavu pamoja.

Grili huoza zaidi pale inapoingia kwenye plasta. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo husukuma na kupasua ukuta. Ukiona ufa hapo, bomoa plasta iliyolegea, safisha chuma, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rudisha plasta.

Na hili nakuomba usilipuuze: kila chumba cha kulala kiwe na grili moja inayofunguka kwa ndani. Nyumba ikishika moto na mlango ukizibwa na moshi, grili iliyochomelewa pande zote haina huruma. Fundi wa kuchomelea anaweza kukata sehemu ya iliyopo na kuweka bawaba. Kama inafungwa kwa kufuli, ufunguo ukae mahali pamoja ambapo mtoto wa nyumbani anapajua na mwizi wa nje hapafikii. Wakati wa ukaguzi, ifungue kweli, usiitazame tu.

Hatua ya 8: Kutafuta panapovuja

Kama umefungua matundu na maji bado yanaingia, tumia mpira wa kumwagilia maji, mtu mmoja ndani na mwingine nje. Mwagia kuanzia chini: kizingiti kwanza kwa dakika kadhaa, kisha pembeni, kisha juu. Ukianza juu maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi.

Upenyo kati ya fremu na ukuta unazibwa kwa silikoni, lakini si yoyote. Ile inayonuka siki ikikauka haishiki vizuri kwenye plasta na inaweza kudhuru chuma. Omba isiyo na harufu hiyo. Toa ya zamani yote, futa vumbi, acha pakauke kabisa. Silikoni mpya haishikani na ya zamani. Bandika masking tepu pande zote mbili, jaza, lainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, toa tepu kabla haijakauka. Kumbuka silikoni haikubali rangi, kwa hiyo chagua rangi yake mapema.

Mpangilio wa mwaka

Februari, kabla ya masika: kagua yote, osha, fungua matundu, ziba panapovuja. Kazi ya silikoni na rangi ifanyike mwezi huu kukiwa kukavu, maana kuanzia Machi hadi Mei utakuwa unabahatisha. Juni, masika yakiisha: angalia alama za maji ukutani na uhakikishe mbao zimekauka. Septemba, kabla ya vuli: osha tena, safisha reli, tia mafuta bawaba, fungua grili ya dharura. Desemba Kaskazi ikianza, suuza upande wa kaskazini-mashariki.

Ukiweka madirisha mapya, mwombe fundi akuachie roli mbili za akiba, kipande kifupi cha brashi na cha raba, na kipande cha alumini alichokata. Vitie kwenye mfuko, uandike mwaka na chumba, uuweke pamoja na daftari lako la ukaguzi. Baada ya miaka 10 duka halitakuwa na aina hiyo, na kile kipande ndicho utakachomwonyesha fundi ili akutafutie kinachofanana.